Habo, Uzi Wako Bado ni Mwekundu

Garissa, dukani kwako,
mvua za vuli zimeanza

Habo yangu,

Najua huwezi kunijibu salamu, lakini nikiianza barua hii na shida kabla ya salamu utanigombeza hukohuko uliko. Basi tuanze inavyotakiwa. Amani? Amani. Mvua? Imenyesha, tena ya maana, mto Tana umepanda mpaka kwenye migomba. Malisho? Upande wa Balambala majani yameanza kutoka. Mifugo? Imekonda, lakini iliyobaki inasimama. Watu?

Hapo kwa watu ndipo ninapokwama, Habo.

Ubao wetu bado uko ukutani nyuma ya kaunta, na kwenye msumari wako kuna uzi mwekundu. Niliufunga mwenyewe siku niliyorudi kutoka Machakos. Mwanao Yusuf akiingia kuchukua karatasi za mzigo huutazama, kisha hutazama lori lake nje kana kwamba limemwita. Wateja pia wanauona. Hakuna aliyeniuliza kitu. Jumamosi natakiwa kuung'oa ubao huo na kuupakia kwenye lori la Yusuf kwenda Nairobi, na wewe ndiye uliyeweka sheria kwamba ubao hauendi popote ukiwa na jambo lisilo kweli. Nimekwisha amua mambo makubwa katika duka hili, ya mizigo na njia na watu, lakini uzi mmoja umenishinda.

Niache kwanza nikumbuke. Kukumbuka ni rahisi kuliko kufungua fundo.

Unakumbuka siku niliyokuja kuomba kazi? Mume wangu Mulwa alikuwa amehamishiwa shule ya hapa, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani nikitazama makorongo yakitembea uani kama wazee wa baraza. Nilikuwa nimesomea upigaji taipu na uwekaji hesabu Nairobi, na vidole viliniwasha. Nikaambiwa kuna mama mjane mwenye malori mawili na duka la jumla, anatafuta karani. Nikaja na gauni langu la kanisani. Watu wote walikuita Habo, yaani mama mdogo, nami nikakuita hivyo. Ukanijibu, "Karibu, habo." Nikadhani unanicheka! Nilikwenda nyumbani nimenuna. Baadaye ndipo Amina binti yako aliponieleza kwamba kwenu mtu mzima humrudishia mtoto jina lilelile analoitwa naye, mama humwita mtoto mama, na shangazi humwita mpwa shangazi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ulikuwa umenipokea, na mimi nikanuna bure.

Nilipofika kulikuwa na benchi refu kando ya mlango, chini ya kivuli cha bati, na birika la chai ya iliki ambalo halikupoa kamwe. Nilifikiri ni ukarimu tu. Wachungaji walikuja, wakaketi, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, wakasema wee mpaka kivuli kihame, na wengine wakaondoka bila kununua hata kiberiti. Mimi kijana wa hesabu nikakuuliza kwa nini tunapoteza majani na sukari kwa watu wasionunua. Ukacheka mpaka shali ikateleza. "Hii benchi ndio duka," ukasema. "Ile ingine yote ni stoo."

Sikuelewa mpaka Balambala ilipotufundisha. Yusuf alitaka kupeleka sukari na unga kule, nawe ukanituma benchini nimuulize mchungaji aliyetoka huko hali ikoje. Nikamkaribia na daftari. Balambala? Akanijibu, "Nabad." Amani. Nikaandika: Balambala, salama. Nikafunga daftari, nikampa Yusuf ruhusa, nikarudi kwenye taipu yangu nikijiona meneja. Yule mzee alibaki na kikombe chake, na nafikiri alinihurumia. Mto ulikuwa umekula barabara. Angenieleza baada ya chai, kama mtu mwenye adabu afanyavyo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha ondoka. Lori lilizama hadi kwenye bodi, na Yusuf akarudi amepakwa matope mpaka masikioni, akitaja kabila langu na mambo mengine. Ile sukari iliyolowa tuliinywa dukani siku nyingi, na kila ukimimina chai ulikuwa unaniangalia na kusema, "Kunywa nabad yako."

Hukunifukuza. Ulinikalisha benchini ukanionyesha mpangilio. Kwanza amani, na amani hiyo husemwa hata kama nyumba ya mtu inawaka, kwa sababu ni salamu. Kisha mvua. Kisha malisho. Kisha wanyama. Kisha watu. Na mwisho kabisa, chai ikiwa imefika kwenye majani ya chini, ndipo ugomvi, njia, bei na kifo. "Nabad ni mlango," ukasema. "Wewe umesimama kwa mlango unasema umeona nyumba. Bole bole, habo." Na mimi nilipaswa kujua, maana hata sisi Ukambani, na Waswahili wote niwajuao, tukiulizwa habari husema nzuri, halafu ndipo tunasema ila tumezika.

Vita vya wapiganaji wa shifta na jeshi la serikali vilipopamba moto, benchi likawa jambo la kufa na kupona. Malori hayakuruhusiwa kwenda ila kwa eskoti, magari ya jeshi mbele na nyuma. Watu walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vya ua wa miiba, mifugo yao imefungiwa au imechukuliwa, na unga wetu ndio uliokuwa ukipikwa jioni huko Modogashe. Ukichelewa watu wanalala na njaa, ukiharakisha unapoteza lori na waliomo. Na habari zikawa nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu watu wenye hofu husema sana. Asubuhi nasikia njia ni nzuri, adhuhuri nasikia imetegwa, jioni nasikia hakuna njia kabisa. Nilikuwa naandika zote kwenye kadi, nazipanga kwenye sanduku kwa majina ya mahali, kama nilivyofundishwa. Sanduku likajaa. Tukizitazama hatujui tushike ipi.

Wewe ndiye uliyeuliza swali. Ulichukua kadi kama unachukua karata, ukaniambia nikusomee, na kila nilipomaliza moja ukasema, "Nani aliona?" Sijui, Habo. "Na hii?" Sijui. "Basi umeandika ubebo," ukasema, yaani upepo, maana p haikukaa mdomoni mwako. Kisha nikasema mimi, na hili naomba unipe haki yangu, nikasema tutengeneze ubao wenye msumari kwa kila mahali, na nyuzi za rangi mbili. Uzi mweupe kwa habari ya mtu aliyeona kwa macho yake, tena aketi benchini aseme mwenyewe. Uzi mwekundu kwa habari ya kusikia. Macho yako yaling'aa. Nyeupe tulichomoa kwenye mishono ya magunia ya unga. Nyekundu haikuwepo dukani, ukaivuta shali yako begani ukaanza kuifumua pembeni bila hata kuniuliza kama naona ni jambo la busara. Shali nzuri ile. Amina alipiga kelele.

Ubao ulikuwa wetu sote wawili, hata ukinicheka. Kadi zangu zilikumbuka, benchi lako lilijua. Na ukaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: msumari mtupu. Nilitaka kila msumari uwe na uzi, ubao upendeze. Ukanizuia mkono. Mahali ambapo hatujui paachwe patupu, ili asubuhi tukiutazama tuone pia tusichokijua. Nimeona mameneja wengi tangu hapo, Habo, na wengi wetu hatuwezi kuvumilia msumari mtupu.

Wakati ule kujua kulikuwa na hatari yake. Wapo watu wa kwangu walioniambia nafanya kazi kwa shifta, na wapo watu wa kwako waliosema benchi lako ni masikio ya serikali. Afisa mmoja kijana alikuja akasimama mbele ya ubao, akauliza nyuzi hizi ni ishara za nani. Ulimmiminia chai, ukamweleza rangi zote mbili, mahali kwa mahali, mvua, visima, njia, bei. Akatafuta msumari wa wapiganaji, hakuuona. Akatafuta wa askari, hakuuona vilevile. Ulikuwa umetukataza kuuliza. Mchungaji akianza tu kusema kuhusu wenye bunduki, wa upande wowote, ulikuwa unamjazia kikombe na kumuuliza habari za ngamia. "Ile hatujui, hata kiboko haiwezi kuitoa," uliniambia afisa alipoondoka. Tuliketi pale tumeshikana mikono, mtu wa bara na mtu wa hapa, na wateja wakasubiri.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema ubao ulitupa ushindi kila siku. Unakumbuka wiki ile Modogashe ilikuwa na nyuzi nyekundu tupu? Zote zilisema njia ni nzuri. Hakuna nyeupe hata moja. Eskoti ilikuwa inaondoka, lori limepakiwa, Yusuf amewasha injini, nawe ukasema zima. Nilikubaliana nawe kwa mdomo, lakini moyo ulikuwa unaniuma. Jirani yetu wa duka la kona alipeleka lake. Likaenda, likauza kila kitu, likarudi zima, na alipopita mlangoni kwetu akapiga honi mpaka mbuzi wakakimbia. Nililia kwa hasira. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata kichwa. "Kuamua na kubata si mtoto ya tumbo moja," ukasema. Tuliamua vizuri tukakosa, yeye ameamua vibaya akapata. Nikakwambia maneno hayo hayajazi gunia. Ukakubali kwamba hayajazi. Wala jirani yule hakupatwa na baya lolote baadaye, namwona kila siku, ameongeza duka. Nimejaribu kuifanya hadithi hii imalizike vingine lakini haikubali.

Ni baada ya hapo ulipoamua kwenda Modogashe mwenyewe. Ulisema umechoka kungoja macho ya watu kana kwamba yako yametolewa. Ukapanda mbele na Yusuf, shali kichwani, sanduku la mabati miguuni, ukaniambia nikuwekee msumari nawe, uone ukirudi tumekufuatilia vipi. Nikapigilia msumari. Tulicheka.

Halafu mtu mmoja akaja mbio kutoka darajani. Lori la Habo limeshambuliwa. Habo amekufa, na Yusuf. Duka likajaa wanawake wakilia, jirani wa kona akafunga mlango wake kwa heshima, Amina akaanguka. Mulwa alikuja kutoka shuleni chaki bado mikononi, akaniambia twende nyumbani. Nikakataa. Nilikuwa kama kichaa, Habo. Nilimkalisha yule mtu kwenye benchi, nikampa chai, mikono yangu inamwaga nusu, nikamuuliza mambo yote kwa mpangilio wako, mvua, malisho, wanyama, na wanawake wakanitazama kama nimeingiwa na pepo. Kisha nikamuuliza nani aliona. Akasema ameambiwa na dereva. Dereva akatafutwa, akaletwa, akanywa chai. Aliona nini? Aliona lori la kijani kando ya barabara, boneti wazi, bila watu. Nani aliona damu? Hakuna. Nani aliona maiti? Hakuna. Nikaenda kwenye ubao nikafunga uzi mwekundu kwenye msumari wako, na nikawaambia wapike ikiwa lazima wapike, lakini mimi sivai kanga ya msiba.

Springi ilikuwa imekatika, tu. Mkaliacha lori mkatembea hadi kituo cha polisi kutafuta fundi. Uliingia dukani siku ya tatu ukinuka dizeli, vumbi mpaka kwenye kope, na wanawake wawili walizimia. Ukapita katikati yao moja kwa moja hadi kwenye ubao. Ukautazama uzi. Ukanitazama. "Kumbe nimekufa nyekundu," ukasema. "Nyekundu si kufa." Kisha ukageuka ukauliza bilau ya matanga yako iko wapi, una njaa. Mungu wangu, jinsi tulivyokula siku ile. Ulikula chakula cha msiba wako mwenyewe na ukalalamika kwamba chumvi ni kidogo.

Usiku huo ulipokuwa unavua viatu uliniambia neno ambalo sikulipenda. Ulisema siku utakapokufa kweli nisikuwekee nyeupe kwa sababu watu wanalia. "Uliza fizuri, habo. Kama ulivyouliza leo."

Ndiyo maana nimekwama. Wewe umenikwamisha.

Nilikuwa Machakos kwa mama yangu mgonjwa telegramu ilipokuja. Habo ametutoka, pole. Imetumwa na Yusuf kutoka Isiolo. Nilisoma jina la mji huo nikashikilia hapohapo. Kama Yusuf yuko Isiolo, basi Yusuf hakuona, Yusuf amesikia. Nilimwambia mama ni nyekundu, hakuelewa, akadhani nazungumzia damu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naona springi iliyokatika. Nilipofika watu wenu walikuwa wamemaliza kila kitu kama dini yenu inavyotaka, siku ileile, udongo umekwisha kauka. Waliniambia ni kifua. Mtu baada ya mtu, akinishika mkono. Nikawaitikia wote. Hakuna niliyemkaribisha benchini. Nikaingia ndani nikafunga uzi mwekundu.

Kwa sababu mara ya kwanza ulirudi, Habo. Mara ya kwanza uzi mwekundu ulikurudisha.

Wiki chache baada yako wakubwa wa nchi mbili wakapatana, vita vikaisha. Ulingoja habari hiyo miaka yote, na ilipokuja ilikuja na macho: dereva wa kwanza aliyeendesha kutoka Modogashe bila eskoti aliketi hapa, akanywa chai, akasema nimeona. Nilifunga nyeupe kwenye Modogashe na nikageuka kukuambia. Sijui kama utanielewa nikikwambia niligeuka kabisa, mwili mzima, mdomo umefunguka. Kiti chako kilikuwa na gunia la dengu.

Na njia ilipofunguka ndipo alipokuja Bwana Otieno, kutoka ile kampuni ya Nairobi inayotuuzia sukari. Ungempenda. Ni kijana, amesoma ng'ambo, na alikunywa vikombe vinne kabla ya kufungua mkoba. Wamenunua mashine kubwa, anasema ina ukubwa wa makabati ya shule, inakula kadi zilizotobolewa matundu na kuzipanga na kuzijumlisha upesi kuliko makarani wa ghorofa nzima. Kila tawi linapeleka habari zake, mashine inampa meneja picha. Anauita mfumo wa taarifa. Tatizo lake, aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, ni kwamba mashine imekuwa ikimwambia ghala moja limejaa sukari na akipeleka mtu anakuta panya. Hesabu za mashine ni sawa kabisa. Aliyejaza fomu ndiye aliyejaza alichodhani. Alikuwa akisema hayo huku macho yake yakitembea kwenye ubao, kisha akaniuliza rangi zina maana gani. Nilipomweleza alisimama. Akauliza kama tundu moja tu la ziada kwenye kadi lingetosha: ameona, au amesikia. Nikasema linatosha, lakini kuwe na njia ya kuacha patupu pia.

Anataka nije niwafundishe mameneja wa matawi yote, somo la kwanza kabisa, kabla hawajaonyeshwa mashine. Na nije na ubao. Mimi, Habo! Nilitaka kukataa. Yusuf akasema nikikataa ataniacha njiani Balambala, kwenye matope yangu.

Jana usiku barua hii niliiachia hapo; basi leo asubuhi nimefanya ulivyoniagiza.

Nilimtuma mtu kwa Amina, aje dukani. Amekuja na kifurushi chini ya mkono. Nilimkalisha benchini, mahali pa wageni, na nadhani alijua papo hapo, kwa sababu alijitanda vizuri na kuketi wima kama mtu anayetoka mbali. Nikammiminia chai. Nikaketi. Nabad? Nabad, akasema, na machozi yake yalikuwa yamekwisha anza, lakini sauti ilikuwa ya adabu. Nikamuuliza mvua. Akanieleza mvua. Nikamuuliza malisho. Wanyama wako wangapi waliobaki, yule ngamia mweupe amezaa? Amezaa. Watu nje walipita, mtu akaomba kiberiti, nikamwambia angoje. Nilienda pole pole, Habo, pole pole kuliko nilivyowahi kwenda maishani, nikaulizia hata visima ambavyo sote tunajua vimekauka. Chai ikafika kwenye majani.

Nikauliza nani aliona.

"Mimi," akasema Amina. "Kwa macho yangu hii. Nimemwosha mwenyewe, na mkono yangu hii, na nimefunga sanda."

Hakuna springi tena. Hakuna kituo cha polisi. Nililia pale benchini mbele ya wateja, gauni la kazi na penseli sikioni, na Amina akanishika kichwa. Halafu akanipa kifurushi. Ilikuwa shali yako, iliyofumuliwa robo. Alisema siku ya mwisho ulipokuwa unashindwa kupumua ulisema mambo ya dua, ukasema mambo ya Yusuf aoe, kisha ukasema shali apewe Ndinda, maana nyuzi zake zitaisha na habari za kusikia haziishi.

Nimefungua fundo. Lilikuwa limekaza, nikatumia meno. Nimechomoa uzi mpya kwenye gunia la unga na nimeufunga kwenye msumari wako, mweupe, Habo, mweupe kabisa, kwa ushahidi wa Amina binti yako aliyeona. Ubao sasa ni kweli. Unaweza kusafiri.

Ulipokuwa hai hukujua kusoma herufi hizi, mimi ndiye niliyekuwa nakusomea, kwa hiyo kesho baada ya alasiri Amina atanipeleka ulipo nikusomee kwa sauti. Nakuahidi mambo mawili tu, maana ulichukia nikiahidi mengi. Benchi halitaondolewa, na Nairobi sitafungua mdomo kuhusu mfumo wowote kabla mameneja wale hawajanywa chai mpaka kwenye majani. Wakiniuliza ni nani aliyenifundisha nitalitaja jina lako, Barwako, na nikiulizwa kama nina ushahidi nitawaonyesha msumari.

Lala salama, habo. Nami nakurudishia jina.

Karani wako,
Ndinda